Nilisema kipa ametuuza, sasa hanibishii tena

Mshauri, salaam.

Mimi ni kocha wa timu ya daraja la pili. Huu ni msimu wangu wa tatu kama kocha mkuu. Kabla ya hapo nilikuwa kiungo wa kawaida tu, yule ambaye jina lake halikumbukwi hata na waliokuwa wakimshangilia. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa nyumbani, tukaongoza kwa bao moja hadi dakika ya 80. Wakasawazisha kwa kona. Dakika ya 89 tukapata golikiki, na kipa wangu, kijana wa miaka 21, akaianzisha kwa pasi fupi kwa beki wa kati aliyekuwa amelipa goli lao mgongo. Mshambuliaji wao akaunasa mpira, hatua mbili, wavuni. Tukafungwa 2-1.

Sikuwa hata nimefika vyumbani, nikawekewa maikrofoni mdomoni. Mwandishi akauliza, mwalimu, goli la pili limetokana na nini? Nikajibu: "Muulizeni kipa. Leo ametuuza. Kila siku tunamwambia, hasikii." Nikapita.

Klipu yenyewe haifiki sekunde 15. Usiku uleule ilikuwa imeshazunguka kwenye kila simu, na maswali yakaanza: kalipwa kiasi gani? Na nani? Kesho yake mtu akabandika picha ya pikipiki ya kijana, pikipiki aliyoinunua tangu msimu uliopita, akaandika chini yake "ushahidi huu hapa". Mshauri, sikuwa na maana hiyo hata kidogo. "Ametuuza" ni lugha yetu ya uwanjani, kila mtu anaijua. Nilikuwa na hasira, nikasema kilichokuwa mdomoni.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika mazoezini. Nilijiandaa kukuta mtu aliyenuna, nikakuta "ndiyo mwalimu" na "sawa mwalimu". Huyu kijana alikuwa mbishi. Tulikuwa tunabishana kuhusu ukuta usimame wapi kwenye faulo, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Sasa nikimwambia ukuta usimame popote, unasimama popote. Heshima hii imenitisha kuliko angenitukana.

Mechi iliyofuata ikaonyesha zaidi. Krosi ambazo siku zote anazitokea na kuzidaka juu ya vichwa vya watu, alizitazama akiwa kwenye mstari. Moja ikaingia, tukalala 1-0. Mabeki nao hawamrudishii mpira tena. Wakibanwa kidogo wanabutua, na mimi tangu mwanzo wa msimu nimewakataza kubutua, nimewafundisha kuanzia nyuma kwa pasi fupi hata tukibanwa, hata dakika za mwisho, na anayebutua namtoa.

Kocha msaidizi ananiambia nisithubutu kuomba radhi, kwamba kocha akishaomba radhi kwa mchezaji, hao 25 wote wanakuwa makocha wake. Nahodha alinifuata pembeni akasema kwa adabu, "Mwalimu, siku ile ungetusema wote." Mke wangu kasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Basi nauliza. Niombe radhi hadharani, au niyamalize na kijana wawili tu? Na kwani kocha hana haki ya kusema ukweli? Mashabiki walikuwepo, walimwona, wana macho. Makocha wakubwa duniani wanawasema wachezaji wao kila wiki na wanaitwa wakweli. Halafu kuna la tatu: Jumamosi tuna mechi. Nimpange, nisimpange?

Ni mimi,
Kocha, daraja la pili

—

Mwalimu,

Nianze na kazi, maelezo yatafuata. Kabla ya mazoezi yenu yanayofuata mwite huyo kijana, muwe wawili. Usimwite ofisini, wewe nyuma ya meza na yeye kwenye kiti cha wageni, maana atadhani anaachwa. Tembeeni kuzunguka uwanja. Mwombe radhi kwa neno ulilotumia na umweleze kwamba utalifuta mbele ya waandishi, tena umwambie utasema nini hasa. Halafu nenda ukaseme. Usigeuze utaratibu huu. Lile la kwanza alilisikia kwenye simu, hili alisikie kwako.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana nahisi bado unalichukulia kwa wepesi. Unasema ni lugha ya uwanjani na kila mtu anaijua. Ni kweli. Beki akipiga pasi mbovu wenzake wanamfokea "unatuuza!", na hakuna anayeita polisi. Ila neno hilo lina nyumba mbili. Ndani ya mistari maana yake ni kukosea vibaya. Nje ya mistari kuuza mechi ni kupokea kitu ili timu yako ifungwe, na adhabu yake katika kanuni za nidhamu za FIFA inaanzia kufungiwa miaka 5. Wewe ulilitoa nyumba moja ukalipeleka nyingine kupitia maikrofoni, tena ukiwa kocha wake, mtu ambaye watu wanaamini anajua ya ndani. Shabiki akisema kipa kauza, ni shabiki. Kocha akisema, ni shahidi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza halina mjadala mrefu. Ya wawili peke yake haitoshi. Yule aliyebandika picha ya pikipiki hatakuwepo mkitembea uwanjani. Deni ulilikopa hadharani, mkopeshaji anasubiri hadharani.

Na unaposema, sema kwa maneno mepesi yasiyo na "kama kuna aliyekwazika". Mimi ningesema hivi: "Baada ya mechi ile nilisema kipa wetu ametuuza. Nilimaanisha pasi mbovu, lakini neno lile lina maana nyingine na lilimchafua. Nalifuta. Alikuwa anacheza nilivyomfundisha mimi." Hapo nyamaza, ukiulizwa swali la pili rudia hayohayo.

Hiyo sentensi ya mwisho nimeitoa kwenye barua yako mwenyewe. Uliipitia haraka, ukaificha katikati ya mambo ya mabeki, kwamba umewafundisha kuanzia nyuma hata mkibanwa, hata dakika za mwisho, na anayebutua unamtoa. Mwalimu, basi dakika ya 89 kijana alifanya nini? Alitii. Alichagua mtu mbaya wa kumpa, hilo ni kosa lake na ni haki yako kulisema. Lakini uamuzi wa kutobutua ulikuwa wako, na ulikuwa umeuwekea adhabu. Ukamwambia mwandishi "kila siku tunamwambia, hasikii". Alikuwa amesikia vizuri sana.

Nakuelewa, hukuigundua wewe soka ya kuanzia nyuma. Tangu sheria ibadilishwe Juni 2019 na golikiki kuruhusiwa kupokelewa ndani ya 18, yaani ndani ya boksi la kipa mwenyewe, timu kubwa na ndogo zinacheza hivyo, na bili inamfikia kipa. Zamani kipa alikuwa anaharibu kwa mikono, leo anaharibu kwa miguu pia, mita chache kutoka golini, akifanya kitu ambacho benchi limeagiza. Kocha anayetaka faida ya mtindo ule akubali kubeba na hasara yake. Mkifunga kwa kuanzia nyuma, waandishi wanasifu falsafa ya kocha. Mkifungwa, anatafutwa mchawi, na mchawi siku zote amevaa glavu.

Nikija kwenye haki ya kusema ukweli, mimi si katika wale wanaosema kocha asiwaguse wachezaji wake kabisa hadharani. Mashabiki si watoto. Kipa akitema mpira mbele ya watu wote halafu kocha aje aseme "alidaka vizuri leo", hata kipa mwenyewe anajua anadanganywa, na siku ukimsifu kweli hatakuamini. Kusema "goli la pili tulilitoa wenyewe, pasi ile haikupaswa kupigwa pale" ni ukweli na hakumchinji mtu. Jina halitajwi ila kila mtu kaona. Kinachopigwa ni pasi.

Ulichokosea wewe ni kusema lililokuwa moyoni mwake, na moyoni mwake hukuwahi kuingia. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo makocha wengi wanapoteleza. "Hataki." "Hajitumi." "Hasikii." "Anacheza kwa ajili yake." Hizo zote ni habari za nia. Wewe kwenye benchi unaona miguu tu.

Mkumbuke Loris Karius, aliyekuwa kipa wa Liverpool. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Kyiv, Mei 26, 2018, Liverpool na Real Madrid. Alirusha mpira ukagonga mguu wa Benzema wa Madrid ukaingia, baadaye shuti la mbali la Bale likampita mikononi. 3-1. Kama kuna usiku ambao kocha angeweza kusema "muulizeni kipa" na dunia nzima ikaitikia, ni ule. Kocha wake, Jürgen Klopp, hakumtupa kwa watu. Siku chache baadaye madaktari wa Massachusetts General Hospital kule Boston walimpima Karius wakasema alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi ile, na kwamba kuna uwezekano uliathiri uonaji wake. Alikuwa amegongana na Sergio Ramos, beki wa Madrid, muda mfupi kabla ya kosa la kwanza. Wapo waliolicheka jibu la madaktari na wanalicheka mpaka leo, wana haki yao. Ila fikiria Klopp angekuwa amesema dakika tano baada ya filimbi kwamba kipa "hakutaka". Angeyala vipi maneno hayo?

Na kwa kuwa umeuliza umpange au usimpange, tazama Liverpool walifanya nini baada ya hapo. Julai wakamnunua Alisson kutoka Roma. Agosti Karius akaenda Beşiktaş kwa mkopo. Yaani jina lake lililindwa, namba hakulindiwa. Makocha wengi wachanga hawaoni kwamba hivyo ni vitu viwili. Wanadhani wakimtetea mchezaji mbele ya waandishi basi wamejifunga kumpanga, ndiyo maana wakitaka kumwacha wanaanza kwanza kumchafua ili benchi lionekane ni haki. Benchi halihitaji hotuba. Unamwambia mtu ana kwa ana, kabla orodha haijabandikwa, kwamba wiki hii hatacheza na kwa sababu gani.

Kuhusu Jumamosi, uamuzi ni wako, wewe ndiye unayemwona akidaka. Ila unauliza, nami najibu: ningempanga. Ukimwomba radhi Alhamisi na Jumamosi ukamweka benchi, watu watasoma benchi na kusahau radhi. Mwache apige mrefu dakika 15 za kwanza, na umtangazie hilo mbele ya mabeki ili wajue ni ruhusa yako. Waambie pia wamrudishie mpira mapema, pasi rahisi isiyo na mtu karibu, aushike, mguu uzoee tena. Kutotokea krosi si ugonjwa wa mikono. Kipa anayetoka golini anakubali kwamba anaweza kukosa mpira mbele ya kila mtu. Wako anajua akiukosa kocha atasema nini, kwa hiyo anabaki kwenye mstari, mahali ambapo lawama zinagawanywa.

Msaidizi wako anaogopa kwamba radhi itakumaliza. Mpe habari ya Pep Guardiola akiwa kocha wa Manchester City. Desemba 2022 aliwaambia waandishi kwamba kiungo wake Kalvin Phillips amerudi kutoka Kombe la Dunia akiwa na uzito uliozidi. Neno hilo likamganda mchezaji. Baadaye Phillips, akiwa kwa mkopo West Ham, alieleza jinsi lilivyomvunja kujiamini, na Aprili 2024 Guardiola akaomba radhi mbele ya waandishi. Mwezi uliofuata Manchester City wakachukua ubingwa wa England kwa mara ya nne mfululizo. Sijaona mchezaji aliyegeuka kocha pale. Kasoro ya radhi ile ni tarehe yake. Ilikuja baada ya miezi 16, na kwa Phillips treni ilikuwa imeshaondoka. Kwako zimepita wiki mbili tu. Una bahati.

Kuhusu makocha wakubwa wanaosema wachezaji wao "kila wiki", hesabu vizuri kilichowafuata. Aprili 2017 José Mourinho, akiwa kocha wa Manchester United, alisema kwamba beki wake Luke Shaw alikuwa akicheza kwa kutumia akili ya kocha wake, kwamba mwili ni wa Shaw lakini ubongo ni wake yeye Mourinho. Wapo wanaodai maneno yale yalimjenga, maana Julai 2021 Shaw akaifungia England dakika ya pili ya fainali ya Euro pale Wembley. Mimi naona Mourinho aliondoka Manchester United Desemba 2018, na goli lile lilifungwa miaka miwili na nusu baadaye, kwa kocha mwingine. Mti ukizaa baada ya wewe kuhama, usidai mbolea.

Pia mchezaji wa leo ana simu. Septemba 2023 Erik ten Hag, kocha wa Manchester United wakati huo, aliulizwa kwa nini winga wake Jadon Sancho hakuwemo kwenye kikosi dhidi ya Arsenal, akajibu kwamba ni kwa sababu ya kiwango chake mazoezini. Jibu fupi, halina hata tusi. Usiku uleule Sancho akajibu mtandaoni kwamba si kweli na kwamba anatolewa kafara. Akatengwa na kikosi cha kwanza, Januari akaenda Dortmund kwa mkopo, na Juni 1, 2024 alikuwa uwanjani kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ubishi wa nani alikuwa mkweli tuwaachie wenyewe. Kinachonihusu ni kwamba hadharani kuna milango miwili, na ukiufungua wako wa mchezaji nao unafunguka. Kijana wako hakuufungua. Angeweza kuandika, "nilipiga pasi fupi kwa sababu anayebutua anatolewa," akakumaliza kwa sentensi moja. Alikuja mazoezini wa kwanza.

Nahodha wako ana nia njema, ila sikubaliani naye moja kwa moja. "Kusema wote" nako kunachoma. Machi 18, 2023 Tottenham walikuwa wanaongoza 3-1 ugenini kwa Southampton, ikaisha 3-3, na kocha wao Antonio Conte akawasema wachezaji kwa jumla kwamba ni wabinafsi. Hakutaja jina. Siku nane baadaye hakuwa kocha wao. Nadhani nahodha alichokuwa anakwambia ni kwamba ungejihesabu na wewe humo. Mrudie umuulize.

Dawa ya maikrofoni ni ndogo, na nashangaa makocha wengi hawaitumii. Usiongee ukiwa bado unatembea kutoka uwanjani kama hulazimishwi. Ingia vyumbani, kunywa maji, kaa dakika kumi, waone wachezaji wako kwanza. Uwe na jibu moja uliloliandaa tangu asubuhi kwa siku ambayo mtu ataharibu, maana siku hiyo itafika tu. "Kikosi nilipanga mimi, goli lile tutaliangalia pamoja" linatosha. Mwandishi atakubana, nani alikosea? Rudia lilelile. Atachoka kabla yako, ana mtu mwingine wa kumhoji.

Mkeo simfahamu, lakini hayo maneno usiyoyaandika nadhani ningeyawekea sahihi yangu.

Nenda kaongee na kijana. Wiki hii au ijayo mtakuwa mnapanga ukuta wa faulo mazoezini. Siku akikwambia "hapana mwalimu, usogee kulia", niandikie.